Ngazi Iliyorudishwa Mahali Pake

Batty Reuland alikuwa amelala chali chini ya saa ya ukutani, shingo imepinda vibaya na kiatu kimoja kimemvuka. Inspekta Metty Hoscheit alimtazama yeye kwanza, kisha akainua macho kwenye saa iliyotundikwa juu ya mlango mkubwa, kisha akaitafuta ngazi. Akaiona upande wa pili wa ukumbi, nyuma ya pazia, imekunjwa na kuegemezwa konani kama inavyotakiwa.

"Ameteleza akaanguka kutoka kwenye ngazi, Inspekta," alisema askari aliyetangulia kufika.

"Halafu akainuka, akairudisha ngazi mahali pake, ndipo akaja kufia hapa?" Metty alimjibu. "Maiti mwenye adabu sana huyu."

Askari aliinamisha kichwa. Metty hakuwa na moyo wa kumchekesha mtu usiku ule. Batty alikuwa tarishi mkuu wa jumba lile la mikutano juu ya kilima cha Kirchberg, mtu wa makoti yenye vifungo vya shaba na mzaha usiokwisha. Mwaka ule wa vita Wajerumani walipozoa vijana wa Luxembourg kwa nguvu na kuwavika sare zao, Batty na kaka yake Metty walipakiwa kwenye treni moja. Batty alirudi. Kwa miaka ishirini na mitano, kila alipokutana na mama yake Metty sokoni, alimbebea kapu mpaka mlangoni, na hakuwahi kusema ni kwa nini.

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa Oktoba, mwaka 1970, saa tatu na robo usiku kwa saa ya mkononi ya Metty. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na mbili na nusu.

"Imeharibika kwa kishindo," alisema askari.

"Kishindo gani? Mtu kaanguka sakafuni, saa iko juu ukutani."

Metty alifungua ngazi, akaisogeza na kupanda. Ilikuwa saa ya zamani ya mbao, zawadi kutoka kwa wazee wa mji, ya kutiwa ufunguo kila wiki. Pendulamu yake iliyumba kulia na kushoto kwa utulivu, bila haraka wala uvivu. Mlango wake wa kioo ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo haukuwa tunduni. Akashuka, akapekua mifuko ya marehemu. Akakuta kitambaa, peremende za koo na picha ya wajukuu. Ufunguo mdogo wa saa haukuwamo.

Akazungusha macho ukumbini. Visahani vya majivu kwenye meza vilifurika vipande vya sigara. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa na taa zote zinawaka. Kwa siku nne watu wa serikali sita walikuwa wamejifungia humu kutunga mpango ambao magazeti hayakuchoka kuuimba: nchi zao sita zifike mahali pa kuwa na uchumi wa namna moja, na baada ya miaka kumi ziwe na fedha moja. Ugomvi wao kila mtu aliujua mpaka wauza samaki. Wafaransa na Wabelgiji walitaka fedha zifungwe pamoja kwanza, mengine yatajipanga yenyewe. Wajerumani na Waholanzi walitaka kila nchi ijirekebishe kwanza nyumbani kwake. Hawa wanataka ndoa kwanza wajuane baadaye, wale wanataka uchumba usiokwisha. Na serikali mbili zilikuwa zimetoa tamko: ikifika saa kumi na mbili jioni ya Jumatano bila mpango mezani, kamati ivunjwe na habari iishie hapo.

Mpango ulikuwa mezani. Katibu wa kamati alikwisha kuwatangazia waandishi wa habari kwa simu kwamba umekamilika kabla ya saa kumi na mbili, dakika nane nzima kabla.

"Nani aliyemwona maiti?" Metty aliuliza.

"Mfagiaji. Mreno. Tumemkuta na funguo za marehemu mkononi."

Idalina Meireles alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, mikono ameikaza juu ya aproni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, na Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea kazi na kununulia mkate.

"Funguo za Batty ulizichukulia nini, mama?"

"Nifungue chumba cha simu, bwana. Niite daktari. Ningeitaje daktari bila simu? Kwa mluzi?"

"Ulifika ukumbini saa ngapi?"

"Sina saa. Nilikuwa chini, nimekaa na ndoo yangu tangu saa kumi na mbili. Nikaona wakubwa wanatoka kwenye lifti wanacheka. Yule mrefu, Mjerumani, yeye hakucheka. Nikasema haya, sasa ukumbi uko wazi. Nikapanda kwa ngazi za nyumba. Nikamkuta Batty." Alijifuta pua kwa kiganja. "Alikuwa bado wa moto, bwana. Bado wa moto kabisa."

"Wakubwa walitoka muda gani kabla hujamkuta?"

"Muda wa kupanda na ndoo."

Metty alisita. "Wao wanasema walitoka kabla ya saa kumi na mbili."

"Basi waliruka dirishani, halafu wakarudi ili watoke tena," Idalina akasema, na hasira yake ikaitangulia adabu. "Mimi nilikuja saa kumi na mbili kama kazi yangu. Batty akanizuia mlangoni. Tukagombana, ndiyo, usiniangalie hivyo, tuligombana! Msimamizi wangu akikuta ukumbi haujafagiwa saa moja, ananifukuza. Wiki iliyopita amefukuza wawili. Batty akaniambia, kaa chini mama, nitamwambia msimamizi wako mimi mwenyewe kwamba ukumbi ulikuwa na watu. Akaapa."

"Na ngazi je? Wewe ndiye uliyeirudisha konani?"

Alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Nikute mtu amekufa, nianze kupanga ngazi?"

Mtu alikohoa nyuma yao. Alikuwa Armand Schaul, katibu wa kamati, aliyeitwa kutoka mezani kwenye hoteli ya mjini. Mluxembourg mwenzake Metty, wa miaka sitini hivi, suti ya kijivu, nywele zimelazwa. Alimpa Metty mkono wa pole, na alipokwisha kumpa akaufunga mlango wa chumba cha simu uliokuwa umeachwa wazi.

Walirudi ukumbini kuzungumza. Schaul hakuthubutu kumtazama marehemu, ambaye sasa alikuwa amefunikwa shuka.

"Mkutano ulikwisha saa ngapi, Bwana Schaul?"

"Kabla ya saa kumi na mbili. Dakika nane kabla. Imo katika kumbukumbu rasmi." Akiwa anasema, aliokota kifuniko cha kidau cha wino akakifunika.

"Kisha mkaenda wapi?"

"Kula. Sote pamoja."

"Mapazia nani aliyafunga?"

"Nadhani Batty. Kwa nini?"

"Saa kumi na mbili kasoro nje bado kuna mwanga. Nauliza tu."

"Batty alikuwa na taratibu zake." Alikisukuma kiti kimoja chini ya meza. "Metty, sisi ni watu wa nchi moja. Unajua kilichomo mezani hapa? Mara mbili katika maisha yangu nimeuona mji huu ukikanyagwa na buti. Watu wakiwa na fedha moja mfukoni hawatapigana tena. Kesho saa sita mchana tunautangaza mpango huu kwa dunia. Usiache kifo cha bahati mbaya kikauchafua."

"Si bahati mbaya. Mtu ameirudisha ngazi, mtu amefunga kioo cha saa, na mtu ameondoka na ufunguo wake."

Schaul akanyoosha mkono, akalifunga kopo la sigara ambalo Metty alikuwa ameliacha wazi mezani, na akasema, "Basi Mungu akusaidie umpate."

Saa nne na nusu aliingia mwendesha mashtaka wa serikali, Bwana Lamesch, koti la manyoya juu ya nguo za karamu. Alisikiliza maelezo ya Metty akiwa amesimama.

"Kwa hiyo umeniambia mwenyewe ni mauaji," alisema. "Vizuri. Wajumbe waliondoka kabla ya saa kumi na mbili. Aliyebaki jengoni na marehemu ni nani? Mfagiaji. Nani aligombana naye mlangoni? Mlinzi aliyekuwa anatoka zamu amewasikia: mfagiaji. Nani alikuwa na funguo zake? Na niambie, Hoscheit, nani hurudisha ngazi mahali pake kwa mazoea? Mfanya usafi! Mtie ndani."

"Saa hiyo ya ukutani, bwana, iko nyuma kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Nataka kujua ni kwa nini."

"Ni saa kuukuu. Mtie ndani. Ana watoto kwao Ureno, akiachwa usiku huu kesho yuko mpakani."

Idalina hakupiga kelele walipomfunga pingu. Alimtazama Metty tu, akasema polepole kwa Kifaransa chake kibovu, "Mimi nilikuambia kweli, na wewe ukasikia." Akapelekwa.

Metty alibaki akijilaumu. Angenyamaza tu juu ya ngazi ile, angeliacha lile la mzee kuteleza, mwanamke yule angekuwa kitandani mwake, mtaa wa Bonnevoie. Ujanja wake ndio uliosuka kamba, wakubwa wakamtafutia shingo tu. Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kabla ya kuondoka alimwamuru askari akae chini ya saa ile hadi asubuhi. "Hakuna wa kuigusa. Hata akija waziri."

Asubuhi alivuka daraja jekundu, akateremka mjini mpaka kwenye hoteli ya karamu. Mama mwenye hoteli alikuwa akimenya maharage mapana ya kuliwa na nyama ya nguruwe ya moshi, na hakuacha kumenya.

"Jana hao wakubwa walifika saa ngapi?"

"Usinikumbushe, Metty. Chakula kiliwekwa tayari saa moja. Saa moja! Wameingia kengele za saa tatu zinalia. Nyama imekauka kama soli ya kiatu, na bado wakaimaliza."

"Wote walifika pamoja?"

"Nilikuwa jikoni nalia na nyama yangu. Nilipotoka wote walikuwa wamekaa."

Kwa hiyo Idalina alisema kweli, na watu saba wenye tai wamesema uongo mmoja. Metty alipanda tena Kirchberg damu ikimchemka, na moyoni alikwisha kumpata mtu wake. Mjerumani. Yule mrefu asiyecheka. Mlinzi yule aliyetoka zamu saa kumi na mbili, alipobanwa, alikubali kwamba jana jioni, karibu na saa kumi na mbili, alisikia sauti ya Kijerumani ikinguruma ukumbini: "Shuka hapo! Shuka hapo mara moja!" Na aliyekuwa juu ya kitu humo ukumbini alikuwa nani ila Batty?

Mjerumani huyo, Dakta Reinhold Hasselbach, alimpokea Metty katika chumba cha wajumbe, sigara mkononi. Metty hakuketi.

"Jana ulimfokea tarishi."

"Nilimfokea."

"Alikuwa kwenye ngazi. Ukamwamuru ashuke. Nyinyi mmezoea kutuamuru, sivyo?"

Hasselbach akabadilika rangi. "Nyinyi. Mimi vita vilipokwisha nilikuwa na miaka kumi na saba, Inspekta. Lakini haya, niite nyinyi."

"Alikuwa anafanya nini juu ya ngazi?"

Mjerumani alitazama mlango, ambako sauti za wenzake zilisikika koridoni. "Siwezi kujibu swali hilo. Tumepeana ahadi."

"Nani na nani?"

"Sote."

"Kuna mwanamke yuko rumande kwa ahadi yenu."

"Nimeambiwa kuna ushahidi dhidi yake."

"Ushahidi ni nyinyi!" Metty alipiga meza. "Nyinyi ndio ushahidi! Mkisema mlitoka kabla ya saa kumi na mbili, yeye ni muuaji. Hakuna kingine!"

Hasselbach aliizima sigara kabla haijaisha. Macho aliyaacha kwenye majivu, na Metty, pamoja na hasira zake zote za miaka ishirini na mitano, aliona kwamba ule haukuwa uso wa mtu aliyeua. Ulikuwa wa mtu anayeona haya. Alitoka bila kuaga. Alikuwa amemtamani sana mtu yule awe mwenye hatia, na kutamani si ushahidi.

Saa sita kasoro robo mchana wajumbe sita na katibu wao walikusanyika ukumbini. Ghorofa ya chini waandishi wa habari walikuwa wakigombea viti. Bwana Lamesch alikuwapo, amesimama karibu na mwenyekiti, Profesa Stassart, mzee wa Kibelgiji mwenye ndevu nyeupe. Metty aliingia, akaufunga mlango mkubwa na kuuegemea kwa mgongo. Juu ya kichwa chake saa iligonga taratibu.

"Inspekta, tupishe," alisema Stassart. "Dunia inatungoja."

"Itangoja. Kwani ni saa ngapi, Profesa?"

Mzee alitazama juu bila kufikiri, kisha akashusha macho upesi.

"Soma tu," Metty alisema. "Inasema saa tatu. Yangu inasema saa sita kasoro robo. Jana usiku ilikuwa nyuma kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Leo iko nyuma kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Haijapoteza hata dakika. Bwana Lamesch aliniambia ni saa kuukuu. Saa hii ni nzima kuliko watu wengi waliomo humu."

"Hoscheit!" Lamesch alikemea.

"Nitamaliza, bwana, kisha unifukuze kazi. Saa nzima hurudije nyuma kiasi hicho? Ilisimama, kisha ikaanza tena. Ilisimama wapi? Dakika nane kabla ya saa kumi na mbili, wakati uleule mliouandika kwenye kumbukumbu zenu. Nyinyi ndio mliomwambia Batty apande akaishike pendulamu. Muda wenu ulikuwa umekwisha na mpango haujaiva, basi mkausimamisha muda. Watu wazima! Mkafunga mapazia msione giza, mkaendelea kubishana."

Mfaransa alikuwa akichunguza kucha zake.

"Mimi hilo halinihusu. Danganyeni serikali zenu mnavyotaka, nazo zinawadanganya. Lakini rudini kwenye saa. Ilisimama dakika nane kabla ya saa kumi na mbili. Ikakaa kimya kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Kwa hiyo mtu aliigusa pendulamu ikaanza tena saa mbili na dakika thelathini na saba usiku. Mtu huyo ni Batty. Akishaisukuma pendulamu, kinachofuata ni kusogeza mishale ifike kwenye saa ya kweli. Hakuisogeza. Hakupewa nafasi. Saa mliyoifundisha uongo ndiyo iliyomtolea Batty ushahidi."

"Nadharia," alisema Lamesch, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Nadharia, ndiyo. Maana mimi sina shahidi. Nina mfagiaji mmoja aliyesema kwamba wakubwa walishuka kwa lifti muda mfupi kabla hajamkuta maiti wa moto. Neno lake dhidi ya maneno ya waheshimiwa saba." Metty alijiondoa mlangoni, akasogea mpaka kwenye meza. "Mnajua kwa nini Batty alipanda ngazi ile haraka hivyo? Huyo mwanamke alikuwa hatarini kufukuzwa kazi kwa sababu ninyi mmekalia ukumbi. Batty akaapa kumwambia msimamizi wake ukweli. Ni hilo tu. Watu mnaopanga fedha ya nchi sita, mzee wa watu amekufa kwa sababu alitaka kusema mlikaa humu mpaka saa mbili na nusu. Nauliza mara moja tu. Mkutano ulikwisha saa ngapi?"

Stassart alisema kwa sauti ya chini, "Inspekta, tukikiri hilo mpango unakufa. Serikali mbili zitautupa leo hii."

"Na usipokiri mwanamke anafungwa maisha. Chagua, Profesa. Umri wako wote umesomea kupima."

Profesa aliinamia ndevu zake.

Kiti kilikwaruza sakafu. Hasselbach alikuwa amesimama.

"Saa mbili na nusu usiku," alisema. "Mkutano ulikwisha saa mbili na nusu usiku."

"Reinhold!" Mfaransa alifoka. "Tuliahidiana!"

"Niliahidi kudanganya juu ya saa. Sikuahidi kumfunga mtu. Nilipomfokea tarishi jana, ni kwa sababu sikutaka ile saa iguswe. Kisha nikakubali kama wengine. Nilikuwa kijana katika nchi ambayo kila mtu alinyamaza kwa ajili ya jambo kubwa. Sinyamazi tena." Alimgeukia Metty. "Tulipokwisha tulikwenda kwenye lifti."

"Wote saba?"

Hasselbach alifikiri. Kisha akamgeukia polepole mtu aliyekaa pembeni ya mwenyekiti, na wote wengine wakageuka naye.

"Sita," alisema. "Schaul alisema anarudi kuzima taa. Alitukuta hotelini, sisi tumekwisha kukaa."

Mbele ya Armand Schaul kulikuwa na jalada la mpango limefunguliwa. Alilifunga, akalinganisha kingo zake kwa vidole viwili.

"Na taa hukuzima," Metty alimwambia. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, na kwa hilo ilitisha zaidi. "Nilizikuta zinawaka zote. Jana nilikutazama ukifunika kidau cha wino, ukifunga mlango wa chumba cha simu, ukifunga hata kopo langu la sigara. Wewe huwezi kuacha kitu wazi, Schaul. Bwana Lamesch aliniuliza nani hurudisha ngazi mahali pake kwa mazoea. Swali zuri. Alimlenga asiye ndiye. Simama utoe vilivyomo kwenye mfuko wa kizibao."

"Si lazima," Schaul alisema. Aliingiza vidole mfukoni, akatoa ufunguo mdogo wa shaba, akauweka mezani sambamba na kalamu.

Lamesch alinong'ona, "Umekaa nao usiku kucha? Umevuka daraja mara nne, mto uko chini. Ungeutupa!"

"Ni mali ya ofisi," Schaul alijibu, na ilionekana wazi kwamba hakuona ajabu yoyote katika jibu hilo.

Baadaye maneno yalimtoka kwa mfululizo. "Nilimsihi. Nikamwambia, Batty, iache saa mpaka kesho, useme ukumbi ulikuwa mtupu. Akasema, nimwambie nini yule mama? Nikamwambia atapata kazi nyingine. Akacheka. Akasema, Armand, unajenga nyumba ya mataifa sita na mlangoni umemkalia mfagiaji. Akasukuma pendulamu. Nikamshika koti nimshushe. Sikutaka... nilimvuta tu. Ngazi haikuanguka, yeye ndiye aliyeanguka. Kioo cha saa kilikuwa wazi. Mtu yeyote angekiona angejua imeguswa. Nikapanda nikakifunga, nikairudisha ngazi mahali pake."

"Ulipanda kufunga kioo. Na Batty yuko chini."

"Nilidhani amekufa."

"Ulidhani. Ulimgusa?"

Schaul aliinyoosha kalamu mezani.

"Nimekuuliza, ulimgusa? Uliinama hata mara moja? Huyu alikuwa mtu wa nchi yako! Aliburutwa kwenye vita mara ile, akarudi na uhai wake, akuhudumie wewe kahawa, umvunje shingo kwa ajili ya amani!" Metty alikuwa akipiga kelele sasa na hakujali. "Amani gani hiyo, Schaul? Ya nani? Na usiku ule ule ukaenda kula nyama, ukajua mwanamke asiye na kosa amefungwa pingu, ukalala!"

"Watu milioni mia mbili," Schaul alisema kwa sauti iliyopasuka. "Niliwafikiria watu milioni mia mbili."

"Wawili walikuwa mbele yako. Wale ulishindwa kuwafikiria."

Kikulacho ki nguoni mwako, mama yake Metty alipenda kusema hivyo tangu zamani za vita, na Metty siku zote alidhani anasema juu ya Wajerumani. Alimwita askari. Schaul aliinuka mwenyewe, akakirudisha kiti chake chini ya meza, kisha akanyoosha mikono.

Profesa Stassart alitazama mlango, akatazama mpango. "Sasa tutawaambia nini waandishi wa habari?"

"Kweli," alisema Hasselbach.

"Wataucheka."

"Waucheke. Kama ni mzuri utasimama hata umechelewa."

Metty hakubaki kusikiliza walivyoamua. Jioni ile redio ilisema kwamba kamati imekamilisha kazi yake "katika muda uliopangwa," na kwamba katibu amejiuzulu kwa sababu za afya. Metty aliizima redio kwa nguvu hata kitufe kikamvunjikia mkononi. Schaul alikwenda mahakamani, hilo wakubwa hawakuweza kulizuia, lakini habari yake iliandikwa ukurasa wa ndani, chini ya bei za viazi.

Lakini kabla ya hayo yote, alasiri, Metty alikwenda rumande mwenyewe. Idalina alitoka akiwa ameshika aproni yake, imekunjwa.

"Umeachiwa, mama. Nimekuja kukuomba radhi."

"Mimi nilikuambia kweli."

"Uliniambia."

Idalina aliitia aproni kwapani. "Msimamizi wangu ameleta ujumbe hapa asubuhi. Amenifukuza. Anasema ukumbi haukufagiwa."

Metty akachukua kofia yake. "Ofisi yake iko wapi?"

"Ya nini?"

"Batty aliapa atamwambia," Metty alisema. "Twende, unionyeshe njia. Nina hamu sana ya kuonana na huyo mtu."